Mraba wa Kijani

Sehemu ya tisa

Tulimwacha muzee Ndayambaje amesimama uani kwake Katoyi, mtaa wa Goma, karatasi mkononi, watu mia moja wakimsubiri aseme aksanti. Wiki nzima mmenitumia audio kwenye simu: sasa alisema nini? Alisema nini? Punguzeni kelele, nitawaambia.

Hakusema aksanti.

Kwa aliyejiunga leo, sikiliza haraka kwa sababu sirudii. Ndayambaje ni géomètre, mpima viwanja, miaka thelathini kazini. Siku ile ilikuwa dote, mahari ya Umwiza, binti yake wa pekee. Ng'ombe walikwisha kutajwa, bia zimefunguliwa, wasemaji wa pande mbili wamechoka kutaniana. Ndipo Cyprien, baba wa bwana arusi, yule tajiri anayekata viwanja na kuuza parseli upande wa magharibi wa mji, akatoa bahasha. Ndani yake karatasi ya nyumba. Zawadi kwa watoto. Lotissement Mapendano, mtaa wake mpya wa viwanja, parseli ya kumi na nne.

Parseli ya kumi na nne ni shimo. Katika ramani ya kwanza Ndayambaje aliipaka kijani kwa mkono wake mwenyewe. Njano ilikuwa ya nyumba, buluu ya bomba la maji, nyekundu ya barabara, na kijani ilikuwa ya mahali pasipojengwa kamwe. Kwa nini pasijengwe? Kwa sababu chini mna mazuku, ule upepo mbaya usio na rangi wala harufu, unaotoka kwenye nyufa za mawe ya volkano na kutulia bondeni hadi jua litoke. Mbuzi anainama kula majani, hainuki tena.

Mwaka uliofuata, mkono uleule ulifuta mraba wa kijani na kuupaka njano.

"Mutoto wangu hatalala pale," Ndayambaje alisema.

Mke wake, mama Dancille, akamvuta koti.

"Papa Umwiza, umekwisha kulewa?"

"Nimesema hatalala pale."

Cyprien akacheka, na watu wakapata ruhusa ya kucheka pia. "Muzee wetu anataka nyumba ya étage, ghorofa juu ya ghorofa!" alisema. "Bamwana, nitakuongezea étage." Bamwana ndivyo wanavyoitana wazazi waliooleana watoto, na Cyprien alilitamka neno lile kwa utamu wote. Kisha akatembea polepole hadi ukutani, ukuta wa mbele wa nyumba ya Ndayambaje unaotazama barabara, akaweka kiganja juu ya chokaa.

"Ukuta muzuri huu," alisema. "Ila chokaa ni nyepesi, bamwana. Mvua ikinyesha sana, rangi ya chini inatoka."

Ndayambaje alielewa.

Watu hawakuelewa, lakini ninyi nitawaeleza. Chini ya chokaa ile mna msalaba mwekundu, alama ya nyumba inayongoja kubomolewa. Avenue ile, barabara ya mbele ya nyumba, katika ramani ina upana wa mita kumi na mbili, na aliyeipima ni Ndayambaje. Alisema ipite lori, ipite ambulansi, watoto wa shule wapate pembeni pa kutembea. Halafu mzee wetu akaijenga nyumba yake mwenyewe ndani ya barabara aliyoipima, akabakiza mita nne! Wakubwa wakaja, wakachora msalaba. Cyprien anakula na wakubwa. Msalaba ukapakwa chokaa juma lilelile mraba wa kijani ulipogeuka njano.

Basi, sasa mnajua. Mnaweza kuanza kumchukia, mimi nilianza zamani.

"Aksanti, bamwana," Ndayambaje alisema, na watu wakapiga makofi.

*

Walikutana nyuma ya jiko, penye makreti ya bia matupu. Cyprien hakuwa anacheka tena.

"Ulitaka kunihaibisha mbele ya batu?"

"Cyprien, pale kuna mazuku."

"Kulikuwa. Nilimwaga camion makumi nane za majiwe. Makumi nane! Shimo limejaa, nyumba imekaa juu, carreaux za sakafu zinang'aa. Mazuku gani tena?"

Na hapa, wasomaji wangu wa Goma, musimcheke Cyprien, maana hata ninyi mngesema hivyo. Sisi tumezaliwa juu ya mawe. Ukiwa na shimo unalijaza mawe, ukiwa na bonde unalijaza mawe, ukimaliza unaita mafundi. Hatujui njia nyingine ya kuziba kitu. Cyprien aliamini kabisa kwamba amelifunga shimo, ndiyo maana alimpa mwanawe.

"Yale majiwe yana matundu," Ndayambaje alisema. "Upepo unapita mulemule, unakuja kutokea chini ya carreaux. Umeupandisha tu."

"Weye ulijua vile?"

"Nilijua."

"Na ulinyamaza nikimwaga?"

"Nilifikiri utaweka depot ya mbao. Sikufikiri utaweka batu."

Cyprien akakaa juu ya kreti. Alikuwa amekumbuka mbwa wa sentinelle, yule mlinzi wa usiku. Mbwa yule alikutwa amekufa sebuleni mwa nyumba namba kumi na nne wiki mbili kabla, bila jeraha, na Cyprien mwenyewe alisema amelishwa sumu. Mimi nilipofika hapa nilidhani ataita mafundi aibomoe ile nyumba mchana uleule. Nilimheshimu bure.

"Sawa," alisema. "Batoto wetu bapewe parseli ya tatu. Ile iko juu kabisa, inapigwa upepo siku yote. Mule mwa tatu kuna mujane, mama Kaswera. Mushushe kumi na nne."

"Kaswera ana batoto batatu."

"Na weye uko na moya. Chagua."

"Cyprien..."

"Géomètre ni nani hapa, miye ao weye? Weye njo unajua kusogeza borne, yale majiwe ya mipaka. Enda na ramani yako, umwambie kulikuwa erreur, ramani ilikosea. Ao basi, pandisha Umwiza hapa mbele ya wageni, umwambie baba yake aliuza mazuku kwa msalaba. Nitakushikia micro."

Kutoka uani walikuwa wanaimba. Sauti ya Umwiza ilisikika juu ya nyingine zote, anacheka huku anaimba. Ndayambaje aliisikiliza. Alimpenda mtoto yule kuliko pumzi yake, na hilo simnyimi. Alifikiri muda wa kumaliza glasi moja.

"Nitaenda mardi," alisema.

*

Mama Kaswera ni Munande wa Butembo aliyeolewa katika mji wa Kiwanja. Vita vilimuua mume wake, vikamtupa Goma na watoto watatu na gunia la maharage ya mbegu. Parseli ya tatu aliipata kwa haki yake. Tatizo ni kwamba juu ya mawe ya volkano hakioti kitu. Basi mama yule alileta udongo. Gunia kwa gunia, miaka minne, kutoka Kiwanja, juu ya malori ya mboga ambayo madereva wake wanakubali kubeba gunia moja tu la mama masikini. Leo ana bustani, ukubwa wa sebule mbili, maharage na mboga za lengalenga, na udongo mweusi unaonukia mvua.

Siku ya mardi, Jumanne, saa tano za asubuhi, Ndayambaje alimkuta na jembe.

"Mama Kaswera, kulikuwa erreur ku ramani. Hii parseli si yako. Yako ni ya kumi na nne."

Jembe likasimama. "Kumi na nne? Ile ya carreaux?"

"Njo ile."

"Ya mulango ya chuma? Papa, musinichekelee."

"Sikuchekelei. Karatasi hii hapa."

Kaswera alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. Si mjinga mama yule. "Lakini mule batu banasemaka kulikuwa shimo. Shimo ya mazuku."

"Ilijazwa."

"Sawa, Papa. Lakini twende tuangalie. Niko na batoto."

Wakashuka. Nyumba ilikuwa nzuri, niseme ukweli. Vyumba vitatu, vyuma madirishani, mlango wa mbele wa chuma, sakafu unayoweza kujitazama sura. Kaswera alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia na miguu yenye udongo.

"Nasikiaka balipima na kiberiti," alisema. "Miye sijui namna gani. Kwetu Butembo hatuna volkano. Pima, Papa, nione."

Sikilizeni vizuri hapa. Kila mtoto wa upande ule wa Goma anajua kupima mazuku. Unakwenda alfajiri, kabla upepo haujaamka. Unawasha kiberiti, unakishusha chini polepole, hadi magotini, hadi ardhini. Kikizimika, unaondoka mbio na humwachi mtu. Ndayambaje anajua kuliko wote. Yeye ndiye aliyewafundisha wengine.

Saa tano hizo jua lilikuwa kali. Madirisha yote yalikuwa wazi, upepo wa ziwa unapita ndani. Mzee yule akasimama wima katikati ya sebule, akawasha kiberiti mbele ya kifua chake, na kukishikilia hapohapo.

Kiliwaka mpaka kikamfikia kucha.

"Umeona?"

"Nimeona, Papa."

Na Kaswera akapiga magoti. Alipiga magoti juu ya carreaux zile, akamshika mikono miwili kwa heshima yote aliyofundishwa kwao, akalia. "Mungu akupe bajukuu, Papa. Mungu akupe bajukuu wengi."

Nilitaka kuitupa kalamu hapa. Niliisimamisha hadithi siku mbili, muhariri akanipigia simu.

"Batoto balalaka fasi gani?" Ndayambaje aliuliza. Kwa nini aliuliza? Sijui. Labda alitaka aambiwe kwamba wana vitanda virefu, alale usingizi.

"Chini, ku godoro," Kaswera alisema. "Carreaux ni ya baridi, nitatandika mukeka."

"Ni muzuri," Ndayambaje alisema. Ndivyo alivyosema!

"Lakini Papa, unipe siku kidogo. Udongo wangu siuachi. Nitauhamisha kwanza wote, njo tutakuja kulala. Kuku nitazishusha samedi, na siye dimanche."

Alimpa mpaka dimanche, Jumapili, ila samedi usiku nyumba iwe tupu, yeye na watoto walale kwa jirani.

*

Arusi ilifanyika samedi, Jumamosi. Kanisa lilijaa, mvua ilinyesha mchana kutwa, Umwiza alicheza bila viatu. Saa moja jioni waliwasindikiza maharusi mpaka mlango wa parseli ya tatu, wakapiga vigelegele, wakarudi. Ndayambaje akalala kwa mara ya kwanza tangu siku ya dote, na alikoroma.

Dimanche asubuhi ilikuwa gutwikurura, kumfunua bibi arusi. Zamani walingoja siku nyingi, siku hizi watu wana haraka, wanakwenda kesho yake. Wamama wa upande wa bibi arusi wanabeba vikapu vya chakula, wanamkuta mtoto wao kwake, wanamfungulia ndoa yake. Baba anabaki nyumbani. Lakini Ndayambaje alikataa kubaki. Alivaa suti yake ya jana akawafuata mama Dancille na wenzake, maana alitaka kumwona mtoto wake kwa macho yake, juu kule penye upepo, salama.

Jeep ya Cyprien ilifika wakati uleule kupokea wageni, dereva wake Florent akiendesha. Wale wazee wawili wakapeana mikono mbele ya mlango. Walitazamana, wakacheka kicheko kimoja kifupi cha watu waliofanikiwa.

Dancille akabisha hodi. Mlango ukafunguliwa.

Aliyefungua alikuwa mama Kaswera, unga mikononi.

"Karibuni!" alisema, uso wote furaha. "Munatafuta bibi arusi? Hawako hapa."

Kicheko cha Cyprien kilikatika.

"Wako wapi?" Ndayambaje aliuliza.

"Papa, ulizaa mutoto! Jana jioni balinikuta hapa ku bustani, nabeba gunia ya mwisho. Umwiza na robe yake nyeupe ya arusi. Akaniuliza, mama, ju gani unachimba na mvua? Nikamweleza. Alilia, Papa. Alisema hawezi kuanza ndoa yake ndani ya nyumba ya mujane. Bwana arusi, Tuyisenge, naye akakubali, hakuvunja neno la bibi yake. Bakabeba mabegi yao, bakashuka kumi na nne. Ata kitanda kikubwa baliniachia, kilikataa kupita mulangoni. Balichukua godoro tu, balale chini."

Chini. Ndayambaje alisikia neno lile moja, na suti yake ya arusi ikaanza kukimbia.

*

Kuku wawili wa Kaswera walikuwa wamelala ngazini mwa nyumba namba kumi na nne, shingo zimenyooka. Madirisha yote yalifungwa kwa sababu ya baridi ya mvua. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani.

"Umwiza!" Dancille aliita. "Umwiza, mwanangu!" Aliona kuku, akaanguka magotini kuomba.

"Simama!" Ndayambaje alimshika makwapani, akamvuta kwa nguvu. "Usipige magoti! Musiiname! Simameni wote!" Dancille alikuwa ameanza kufungua mdomo akitafuta hewa. Wamama wakamburuta kupanda mlima, miguu yake haina nguvu.

Ndayambaje akatoa kiberiti. Akawasha, akashusha mpaka kizingitini. Kikazimika. Akawasha cha pili. Kikazimika. Cha tatu hakikufika hata gotini.

Kaswera alikuwa nyuma yake. Alivihesabu vyote vitatu. Alitazama kuku wake, alitazama ule mlango ambao leo jioni wanawe watatu wangeuingia na mkeka wao, kisha akamtazama yeye.

"Papa," alisema, "mardi kiliwaka."

Ndayambaje alikuwa anapiga mlango wa chuma kwa ngumi, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Nyuma!" Kaswera alisema. "Mulango ya jiko haina serrure, niliifunga na waya!"

Na kabla mwanaume yeyote hajasogea, akajaza kifua hewa, akanyanyua kichwa juu, akaingia. Yeye! Yule waliyemchagua afie mle. Florent dereva akamfuata.

Kaswera alitoka anamvuta Umwiza kwa makwapa, robe nyeupe inaburuta. Aliendelea kumvuta hadi juu penye hewa, ndipo akaanguka naye.

"Anapumua," alisema. "Kidogo, lakini anapumua."

Florent alimtoa Tuyisenge. Walimkuta chini ya dirisha, mkono mmoja juu ya kitasa. Alikuwa amekuwa baridi.

Cyprien alikuwa bado juu mlimani, mikono kichwani, anasema peke yake: camion makumi nane, camion makumi nane. Walipomlaza kijana wake mbele yake, alivua koti akalikunja, akaliweka chini ya kile kichwa. "Amka," alimwambia. "Tuyisenge, amka, wageni wamefika." Alimwambia hivyo mara nyingi, kwa sauti ya baba anayeamsha mtoto mvivu siku ya shule. Hakuna aliyethubutu kumwambia anyamaze. Nami nimemchukia mtu huyu sehemu nane nzima, lakini pale nilishindwa.

*

"Pandeni!" Florent alipiga kelele.

Ndayambaje akapanda mbele. Nyuma, Kaswera akamshika Umwiza, kichwa mapajani. Kutoka Mapendano kwenda hospitali njia ni moja, ile avenue inayopita Katoyi. Mita kumi na mbili, katika ramani.

Florent aliendesha bila kugusa breki. Honi, mashimo, honi. Watu wa misa wakaruka pembeni. Ndayambaje alikuwa amegeuka nyuma, anatazama kifua cha mtoto wake, kinapanda, kinakawia, kinapanda.

"Karibu tufike," alisema. "Umwiza, karibu tufike, mama."

Breki.

Mbele yao palisimama camion ya maji, lori zima, uso kwa uso. Ubavuni mwake chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, limekwama, na pikipiki nne zimejibana katikati, hakuna inayotoka. Nyuma ya jeep, basi dogo lilikwisha kuziba. Kumbeba mgongoni? Hospitali ilikuwa bado kilomita tatu, na mtoto anapumua kwa kuazima.

"Rudi nyuma!" Florent alimfokea mwenye camion.

"Nirudi wapi?" dereva yule alitoa kichwa nje. "Nipite wapi miye? Mujinga gani alijenga nyumba yake katikati ya barabara?"

Ndayambaje akageuza uso mbele, akaona ukuta.

Maua ya dote yalikuwa bado yananing'inia juu yake. Mvua ya samedi ilikuwa imefanya kazi. Chokaa ilikuwa imetiririka chini, na msalaba ulikuwa wazi, mwekundu, mrefu kuliko mtu.

Alishuka bila kufunga mlango wa jeep. Alinyakua chuma kwenye chukudu, akaanza kuupiga ukuta.

"Bomoeni!" alilia. "Nisaidieni, bomoeni!"

"Muzee, una wazimu? Ni nyumba ya nani?"

"Ni yangu! Ni miye mujinga! Bomoeni!"

Watu wakaona robe nyeupe ndani ya jeep, wakaelewa. Wanaume kumi wakauvamia ukuta kwa mikono na vyuma. Lakini aliujenga vizuri, nampa haki yake. Mawe ya volkano, saruji kamili, unene wa mkono. Jiwe moja likaanguka. Walisubiri sana kabla la pili halijatoka. Damu ilikuwa inamtoka Ndayambaje vidoleni, na camion haijapata hata upana wa kiganja.

"Papa!"

Ilikuwa sauti ya Kaswera. Haikuwa kubwa.

"Papa, njoo."

Alikwenda. Kaswera alikuwa ameokota kisanduku cha kiberiti mzee alichokiacha kwenye kiti. Ndani kilibaki kijiti kimoja.

"Sisikii pumzi yake tena," alisema. "Moyo wangu unapiga sana, sijui nasikia wake ao wangu. Washa hii mbele ya pua yake. Moto ukitikisika, ni muzima."

"Washa weye, mama. Mikono yangu..."

"Hapana." Kaswera alimwekea kijiti kiganjani, kati ya damu na chokaa, akamfumba vidole. Macho yake yalikuwa makavu. "Weye njo unajua kupima. Na mara hii, Papa, shusha mpaka chini."

Ndayambaje akapiga magoti barabarani, kifua ndani ya mlango wa jeep. Akawasha. Akashusha kiberiti, polepole, hadi midomoni mwa binti yake.

Moto ulisimama wima.

Kisha ukatikisika.

Lakini mlango wa jeep ulikuwa wazi, kama yale madirisha ya mardi, na upepo wa ziwa ulikuwa umeamka. Ndayambaje alitazama ule moto unavyocheza, unamkaribia kucha, na hakuweza kujua ni nani aliyeutikisa.